Kutafuta Maandishi ya Kitaaluma kwa Kompyuta: Mambo Yampasayo Mtumiaji wa Kiswahili Kuyajua

1. Utangulizi

Mtu anayetaka kuandika juu ya jambo lolote la kitaaluma hana budi kwanza kujua wenzake wamekwisha kuandika nini juu ya jambo hilo. Zamani alikwenda maktaba, akavuta visanduku vya kadi, akapitia faharasa za majarida mwaka baada ya mwaka, kisha akamwomba mkutubi amtolee vitabu alivyovihitaji. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta au kwa simu. Mtafutaji huandika maneno machache, na majibu humjia kwa kufumba na kufumbua.

Wepesi huo ni neema, lakini una hatari zake. Mtafiti akikosa kuiona kazi iliyokwisha kufanywa, ataifanya upya. Mfasiri akikosa kuliona neno lililokwisha kuundwa, ataunda lingine. Ndivyo dhana moja inavyopata majina matatu, na ndivyo mwanafunzi anavyohama kutoka shule moja kwenda nyingine akaambiwa kwamba istilahi aliyofundishwa jana leo si sahihi. Kwa hiyo jambo hili si la wanavyuo peke yao. Linamhusu mfasiri atafutaye neno, mwalimu atayarishaye somo, na mtumishi wa serikali aandikaye waraka wa sera.

Katika makala haya tutaeleza vyombo vya utafutaji ni vya aina gani, vinasomaje maneno ya Kiswahili, na matokeo yake yapimwe vipi. Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze istilahi chache tutakazozitumia. Kwa kanzidata tuna maana ya mkusanyiko wa kumbukumbu uliopangwa ili kompyuta iweze kuupekua. Nchini Kenya wengi huuita hifadhidata. Neno la kutafutia ni lile mtafutaji aliandikalo ili kupata maandishi. Ikisiri ni muhtasari mfupi utanguliao makala. Urejeleaji ni tendo la andiko moja kulitaja jingine kuwa ni chanzo au ushahidi wake.

2. Aina za vyombo

Wazo la vyombo hivi ni la zamani kuliko kompyuta zilizoko mezani petu. Mwaka 1879, nchini Marekani, John Shaw Billings alianzisha Index Medicus, faharasa iliyoorodhesha maandishi ya tiba kwa mada na kwa majina ya waandishi. Mwaka 1964 Eugene Garfield, katika mji wa Philadelphia, alitoa Science Citation Index, yaani faharasa iliyoonyesha nani amemrejelea nani. Mbegu hizo mbili ndizo zilizozaa vyombo tulivyonavyo leo: moja hupanga maandishi kwa mada, na nyingine huyapanga kwa uhusiano wake.

Vyombo vya sasa twaweza kuvigawa katika mafungu matatu.

(a) Kanzidata teule. Hizi huchagua majarida ya kuingizwa, na kila jarida hupimwa kabla ya kukubaliwa. Miongoni mwake ni Web of Science, iliyotokana na kazi ya Garfield. Scopus, iliyoanza mwaka 2004. Na PubMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoanza mwaka 1996 na ambayo hutumiwa bila malipo. Sifa yake ni uangalifu. Upungufu wake kwetu sisi ni kwamba majarida ya Kiswahili humo ni haba mno.

(b) Vyombo vipana. Hivi havichagui jarida moja moja, bali hutuma programu zipitie tovuti za vyuo, wachapishaji na hazina za tasnifu, na kukusanya chochote chenye sura ya andiko la kitaaluma. Mkubwa wao ni Google Scholar, iliyofunguliwa mwezi Novemba 2004. Mwingine ni OpenAlex, iliyoanza mwaka 2022 baada ya Microsoft Academic kufungwa mwishoni mwa 2021. Humo Kiswahili kimo kwa wingi zaidi, lakini ngano na magugu vimo pamoja.

(c) Makusanyo ya majarida. Haya huweka maandishi yenyewe, si anwani zake tu. JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina majarida mengi ya zamani. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida yachapishwayo Afrika, na humo mna Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha. Directory of Open Access Journals, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden mwaka 2003, huorodhesha majarida yasomwayo bila malipo.

Mtafutaji wa mambo ya Kiswahili asiridhike na fungu moja. Aanze na chombo kipana apate picha ya jumla, aende kwenye makusanyo ya Afrika, kisha, ikiwa mada yake ni ya sayansi au tiba, aingie katika kanzidata teule.

3. Kompyuta husoma herufi

Msingi wa mambo yote ni huu: chombo cha utafutaji hulinganisha kwanza herufi zilizoandikwa na mtafutaji na herufi zilizomo katika maandishi. Maneno yenye maana moja lakini herufi mbalimbali ni maneno mbalimbali, isipokuwa kama kuna mtu aliyekifundisha chombo kwamba ni jamaa moja.

Kwa Kiingereza ufundishaji huo ulifanywa mapema. Mwaka 1980 Martin Porter, huko Cambridge, alichapisha kanuni za kukata viambishi tamati ili neno katika umoja na wingi, au kitenzi katika nyakati zake, virudi kwenye shina moja. Kanuni hizo zilienea sana katika programu za utafutaji. Zilifaa kwa sababu neno la Kiingereza, kwa kawaida, hubadilika mwishoni.

Neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Tutazame mzizi wa fundisha. Twaweza kukuta kufundisha, hufundisha, walifundisha, yaliyofundishwa, ufundishaji, mafundisho na kadhalika. Baadhi ya kanzidata huruhusu alama ya nyota iwekwe mwishoni mwa neno ili kuwakilisha herufi zozote zifuatazo. Mtu akiandika fundish* atapata fundisha na fundishwa, lakini hatapata kufundisha wala ufundishaji, maana tofauti imetokea upande wa pili wa neno. Google Scholar, kwa upande wake, haiitumii nyota hiyo kukamilisha neno lililokatwa.

Si kwamba jambo hili haliwezekani kwa Kiswahili. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameshughulikia programu za kuchanganua maneno ya Kiswahili katika viambishi na mizizi, na mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki umejengwa juu ya kazi hiyo. Lakini mtafutaji asidhani kwamba kila chombo cha kawaida kina ujuzi huo. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutafuta mwalimu, kisha kutafuta walimu, na kulinganisha majibu. Yakitofautiana, basi chombo hicho hakiwajui kuwa ni ndugu.

Kutokana na hali hiyo twashauri kanuni nne.

Kwanza, pale inapowezekana chagua nomino za ngeli isiyobadilika katika umoja na wingi. Maneno kama istilahi, sera, lugha, kamusi, elimu na tafsiri huandikwa vilevile yakiwa moja au mengi, kwa hiyo hayapotezi matokeo.

Pili, nomino inayobadilika iandikwe katika sura zake zote mbili, zikiunganishwa kwa OR, ambayo lazima iwe kwa herufi kubwa: mtaala OR mitaala, mfasiri OR wafasiri, kitabu OR vitabu. Alama hiyo ina maana ya ‘ama hili ama lile’, na asili yake ni mantiki ya George Boole, ambaye kitabu chake kikuu juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1854.

Tatu, tahadhari na alama za mtajo. Maneno yakitiwa ndani yake, chombo hutafuta mfuatano uleule. Ni jambo zuri kwa istilahi za maneno mawili, lakini Kiswahili kina viunganishi vinavyofuata ngeli. Atafutaye "sera ya lugha" atakosa "sera za lugha" na "sera yetu ya lugha". Kwa hiyo mfuatano utafutwe kwa kila kiunganishi kinachowezekana, au alama ziondolewe matokeo yakiwa machache.

Nne, kumbuka kiambishi cha mahali. Shule na shuleni si neno moja machoni pa kompyuta. Darasa na darasani ni vivyo hivyo.

4. Mfano: mabadiliko ya tabianchi

Ili kuyaweka wazi yaliyotangulia, tuchukue mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Tuseme afisa wa halmashauri ametakiwa kuandika waraka kwa Kiswahili juu ya athari za mabadiliko ya tabianchi kwa zao la mahindi mkoani Dodoma.

Hatua ya kwanza ni kuligawa swali katika dhana zake. Hapa zipo tatu: mabadiliko ya tabianchi, mahindi, na Dodoma. Maneno kama athari, umuhimu, changamoto na tatizo yaachwe, kwa sababu yamo karibu katika kila andiko na hayamsaidii mtafutaji kuchuja.

Hatua ya pili ni kuorodhesha majina yote ya kila dhana. Mahindi na Dodoma havina taabu. Lakini dhana ya kwanza imeandikwa kwa namna nyingi: tabianchi kwa neno moja, tabia nchi kwa maneno mawili, tabia ya nchi kwa kiunganishi, na mara nyingine hali ya hewa au hali ya anga. Majina matatu ya kwanza yanatofautiana kwa tahajia tu. Mawili ya mwisho yanatofautiana hata kwa maana. Hali ya hewa ni ile ya leo na kesho, mvua na jua la muda mfupi. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa kawaida huupima kwa kipindi cha miaka 30. Hata hivyo, kwa kuwa waandishi wengine wameyachanganya, mtafutaji ayatafute yote, ila akumbuke kuyatenganisha atakapoandika.

Hatua ya tatu ni kuyaunganisha maneno hayo. Katika Google Scholar ataweza kuandika hivi:

"tabianchi" OR "tabia nchi" OR "tabia ya nchi" mahindi Dodoma

Aangalie kwamba akiandika tabia nchi bila alama za mtajo, ataletewa maandishi yasemayo tabia za wanafunzi mahali fulani na nchi mahali pengine. Akikuta matokeo ni machache mno, aondoe Dodoma aweke Tanzania. Yakiwa mengi mno, aweke mipaka ya miaka, au atumie amri ya intitle: inayolazimisha neno liwemo katika kichwa cha andiko.

Hatua ya nne ni kuvuka lugha. Utafiti mwingi wa kilimo na tiba katika Afrika ya Mashariki umeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kutafuta kwa Kiswahili tu atafikiri hakuna kilichofanywa. Yafaa basi kutafuta kwa lugha zote mbili. Hapa majina ya kisayansi ya Kilatini yana msaada mkubwa, kwa kuwa hayabadiliki toka lugha moja hadi nyingine: mahindi ni Zea mays, muhogo ni Manihot esculenta, na mwarobaini ni Azadirachta indica. Vilevile zipo orodha za istilahi zilizopangwa kwa kazi hii. AGROVOC, ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huunganisha majina ya dhana moja katika lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo. PubMed nayo hutumia orodha iitwayo MeSH, iliyoanza mwaka 1960, ambamo jina la kitaalamu la ugonjwa na majina yake ya kawaida huelekezwa kwenye kichwa kimoja cha mada. Mwanaistilahi atatambua mara moja kwamba hiyo ndiyo kazi yetu wenyewe: dhana moja, kichwa kimoja, na visawe vyote vikielekezwa hapo.

Hatua ya tano ni kuandika kumbukumbu ya utafutaji: tarehe, chombo, maneno yaliyotumiwa, na idadi ya maandishi yaliyoteuliwa kusomwa. Vyombo hivi hubadilika kila siku. Asiyeweka kumbukumbu hataweza kueleza mwezi ujao alipataje alichokipata.

5. Kufuata nyayo za maandishi

Utafutaji kwa maneno ni mlango tu. Mtafutaji akipata makala moja mazuri, yafaa ayatumie kumfikisha kwenye mengine. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurudi nyuma: kusoma orodha ya marejeleo iliyomo mwishoni mwa makala ili kujua mwandishi alisimama juu ya kazi zipi. Ya pili ni kwenda mbele: kutazama ni maandishi gani ya baadaye yaliyoyarejelea makala hayo. Njia ya pili ndiyo Garfield aliyoifungua mwaka 1964, na sasa imo katika Google Scholar chini ya kila jibu, pamoja na idadi.

Njia hizi zina faida maalumu kwa Kiswahili. Mwandishi anayemrejelea mwenzake hufanya hivyo kwa jina na kichwa cha kazi, hata kama yeye mwenyewe ametumia istilahi nyingine kabisa. Aliyeandika juu ya tarakilishi na aliyeandika juu ya kompyuta hawatakutana kwa maneno, lakini wataweza kukutana kwa marejeleo.

Mara nyingi mtafutaji huona kichwa na ikisiri, kisha huambiwa alipe ndipo asome. Asikate tamaa upesi. Atazame kwanza matoleo mengine ya makala hayohayo, kwani huenda mwandishi ameyaweka katika hazina ya chuo chake. Aulize pia maktaba ya chuo au taasisi iliyo karibu kama imejiunga na Research4Life. Mpango huo ulianza mwaka 2002 kwa maandishi ya afya chini ya jina la Hinari, na huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida bila malipo au kwa malipo madogo. Na njia ya zamani bado inafaa: kumwandikia mwandishi barua ya adabu kumwomba nakala.

6. Wingi wa matokeo si ithibati

Tumefika mahali ambapo wanaistilahi hawana budi kuwa wakali. Imekuwa desturi kwa baadhi ya wafasiri kuamua ubora wa istilahi kwa kuhesabu matokeo: neno hili limeonekana mara 900, lile mara 40, basi la kwanza ndilo sahihi. Hesabu ya namna hiyo ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba idadi iandikwayo juu ya ukurasa ni makadirio ya kompyuta. Google Scholar haionyeshi matokeo zaidi ya 1,000 kwa utafutaji mmoja hata ikisema yapo mengi kuliko hayo. Asomaye hawezi kuyahakiki yaliyosalia.

Kasoro ya pili ni kwamba kompyuta haitofautishi matumizi na utajo. Makala yasemayo kwamba neno fulani halifai yatahesabiwa upande wa neno hilohilo. Tena nakala mbili za tasnifu moja zaweza kuhesabiwa kuwa ni maandishi mawili.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: kosa likiisha kuingia katika maandishi, huzaana. Mwaka 2025 watafiti walieleza kisa cha istilahi moja ya Kiingereza isiyokuwa na maana yoyote, iliyounganisha neno linalohusu seli zinazokua na jina la hadubini ya elektroni. Yaelekea chimbuko lake ni makala ya miaka ya 1950 yaliyopigwa picha kwa kompyuta. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, na mashine ikasoma mstari ukivuka kutoka safu moja hadi ya pili, maneno mawili yasiyohusiana yakashikana. Miaka mingi baadaye istilahi hiyo ilitokea katika makala mapya kadhaa ya sayansi. Baadhi yake yalitoka Iran, na inadhaniwa kwamba huko sababu ilikuwa ni tafsiri, maana kwa Kiajemi maneno mawili yanayohusika hutofautiana kwa nukta moja tu. Kisha programu za akili mnemba zikaisoma na kuirudia. Wale waliowahi kusoma tenzi zetu katika hati za Kiarabu hawahitaji kuelezwa uzito wa nukta moja. Mtu angehesabu matokeo tu, angesadiki kwamba hadubini ya namna hiyo ipo.

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, imeongeza hatari nyingine. Programu hizi hutunga maandishi laini yanayofanana na ya wataalamu, na zikiulizwa marejeleo huweza kutaja makala ambayo hayakupata kuandikwa, pamoja na majina ya waandishi, mwaka na kurasa. Mwezi Juni 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuleta mbele yake hukumu za kubuniwa zilizotolewa na programu ya ChatGPT. Yaliyowapata mawakili yaweza kumpata mwalimu na mfasiri. Kanuni yetu ni nyepesi: rejeleo lisilofunguliwa na kusomwa na mwandishi mwenyewe lisiandikwe.

Basi istilahi ipimweje? Kwanza itazamwe imetumiwa na nani: mtaalamu wa taaluma hiyo, au mtu aliyeipitia tu. Pili, itazamwe imefasiliwa au imetupwa tu katika sentensi. Tatu, itazamwe kama inakubali mnyambuliko. Istilahi izaayo nomino, kitenzi na kivumishi ina maisha marefu kuliko iliyo tasa. Nne, ilinganishwe na orodha zilizosanifiwa na vyombo vyenye mamlaka, yaani BAKITA, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na BAKIZA kwa upande wa Zanzibar. Idadi ya matokeo iwe shahidi wa mwisho, wala si hakimu.

Yafaa vilevile kukumbuka kwamba kutoonekana si kutokuwapo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilitoa jarida lake kwa miongo kadhaa. Orodha za Tafsiri Sanifu zilichapwa tangu miaka ya 1970. Na tasnifu nyingi zimelala katika rafu za vyuo. Si zote zilizoingizwa katika kompyuta, na baadhi ya zilizoingizwa zimepigwa picha tu bila herufi zake kusomwa, kwa hiyo neno lililomo ndani halitafutiki. Kabla ya kutangaza kwamba dhana fulani haina jina kwa Kiswahili, mtafutaji hana budi kufika maktaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

7. Wajibu wa mwandishi

Mpaka hapa tumezungumza kama watafutaji. Lakini kila aandikaye kwa Kiswahili ni mtafutwa pia, na sehemu kubwa ya shida tulizozitaja ingepungua kama waandishi wenyewe wangezingatia mambo machache.

(a) Kichwa cha makala kitaje dhana waziwazi. Kichwa cha methali au cha mafumbo kinapendeza, lakini kikisimama peke yake humficha mwandishi. Kifuatwe na kichwa kidogo chenye istilahi yenyewe.

(b) Ikisiri iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ile ya Kiingereza itawaleta wasomaji wa mbali, na ile ya Kiswahili itaziingiza istilahi zetu katika kanzidata.

(c) Maneno muhimu yaliyo chini ya ikisiri yachaguliwe kwa makusudi. Aliyetumia tarakilishi ataje pia kompyuta. Aliyetumia wavuti ataje pia intaneti. Huko si kuyumba. Ni kuwafungulia mlango wasomaji wa pande zote, huku ndani ya makala istilahi moja ikitumiwa tangu mwanzo hadi mwisho.

(d) Jina la mwandishi liandikwe kwa namna moja katika kazi zake zote. Jina likifupishwa leo, likageuzwa mpangilio kesho na kuongezwa la babu kesho kutwa, kompyuta itahesabu watu watatu, na kila mmoja atakuwa na theluthi ya kazi.

(e) Tahajia sanifu ifuatwe. Mfano wa tabianchi umeonyesha kwamba nafasi moja tu kati ya maneno mawili yatosha kuyatenga maandishi ya taaluma moja.

(f) Nakala ya kompyuta iwe na herufi zinazosomeka na kunakilika, isiwe picha ya ukurasa peke yake.

Wahariri wa majarida wanaweza kuyafanya mambo haya kuwa masharti ya kukubali makala, na walimu wa vyuo kuyafanya kuwa sehemu ya mafunzo ya tasnifu. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa mengi yanahitaji dakika chache za uangalifu tu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba vyombo vya utafutaji ni msaada mkubwa, lakini vingi vilijengwa na watu waliokuwa na lugha nyingine masikioni. Mtumiaji wa Kiswahili anavitumia vyema akizijua tabia za lugha yake mwenyewe: ngeli, viambishi, viunganishi na visawe. Sarufi, ambayo wengi huidhani ni somo la mitihani tu, hapa yageuka kuwa chombo cha kazi.

Twapendekeza kwamba kila ofisi ya tafsiri, kila idara ya Kiswahili na kila kitengo cha serikali kinachoandaa nyaraka kwa Kiswahili kiwe na daftari la maneno ya kutafutia: dhana, majina yake yote yaliyokutwa, tahajia zake, na chombo ambamo yalipatikana. Daftari hilo litamwokoa afisa mpya asianze upya kila mara. Likikusanywa pamoja na mengine, litazipa kamati za istilahi ushahidi wa jinsi maneno yanavyotumika hasa, nani anayatumia, na wapi yanagongana. Wasomaji walio na orodha za namna hiyo tayari wanaombwa waziwasilishe kwa mabaraza ya lugha, hata kama ni za kurasa mbili tu, ili dhana iliyopata majina matatu ijulikane mapema, kabla majina hayo hayajaingia katika vitabu vitatu vya shule.